Ruta ya Chumba cha Joto

Mwezi uliopita nilikula msibani chakula ambacho hakikunishuka. Ilikuwa Ilomba, hapa hapa Mbeya, kwa marehemu ambaye mwaka mmoja wa maisha yangu alikuwa bosi wangu. Jina lake sitaliandika, maana ameacha watoto na watoto hawana kosa. Nitamwita Mkuu, kama tulivyomwita kazini. Wali ulikuwa wa moto, nyama laini, akina mama wa jumuiya walijitahidi, siwalaumu. Tatizo lilianza kabla ya chakula, pale kijana mmoja wa suti alipopewa kipaza sauti asome wasifu. Akasoma alikozaliwa marehemu, akasoma shule, akasoma cheo baada ya cheo, akafika kwenye kile chuo chetu cha Mufindi, akasema: "Ndiye aliyekiingiza chuo kwenye dunia ya mtandao, na mtandao ulipougua, aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe." Watu wakaguna kwa heshima, mmm. Mama aliyekaa pembeni yangu akafuta chozi kwa ncha ya khanga. Kwangu ilikuwa kama vile umemeza inzi kwenye uji na umejua ni inzi akiwa ameshapita kooni.

Wenzangu wakikaa kusimulia, wanasimulia ujana. Mimi ujana wangu sina cha kuusimulia, niliutumia wote kubeba vitu vya watu pale Mwanjelwa na kubishana bei ya viazi. Mwaka ulionifundisha mimi ulikuja nimeshaanza kuota mvi, shule yenyewe niliiachia darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikisimulia mambo ya kompyuta kwa maneno ya jikoni. Jikoni ndiko nilikojifunzia. Nilikuwa mpishi.

Chuo kilikuwa njia ya kwenda Mgololo, kati ya mashamba ya chai na miti ya misindano, malori ya magogo yakipita mlangoni yanatikisa vikombe. Kilifundisha ushonaji, useremala na kompyuta. Baridi ya kule, aliyezaliwa joto asijaribu. Ukungu unaingia ndani unakaa kwenye kiti kama mgeni. Nguo unaanika Jumatatu, Alhamisi bado zinanuka mbwa. Jiko langu lilikuwa la matofali, la kuni, limejengwa kwa kuegemea ukuta, na upande wa pili wa ule ukuta kilikuwa chumba cha stoo ambacho kila mtu alikiita chumba cha joto, kwa sababu ukuta wake mzima ulikuwa wa moto kutwa nzima. Kati ya jiko na chumba hicho kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, hakina kioo, kina kipande cha pazia tu. Mnisikilize vizuri hapo kwenye kidirisha, maana nusu ya ninayoyajua niliyasikia kwa njia hiyo nikichambua maharage.

Kwetu nyanda za juu mkubwa ndiye anayekaa karibu na moto, na akishakaa hakuna wa kumsogeza. Basi baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, Mkuu akahamia chumba cha joto. Akaleta meza, kiti cha kuzunguka, na vibao vya shukrani alivyopewa na watu. Magunia ya mahindi yakatolewa yakawekwa barazani, yakala ukungu, mengine yakaota. Nikaenda kumwambia, "Mkuu, unga umeanza kunuka." Akasema, "Wapikie hivyo hivyo, wanafunzi wana njaa, hawana pua." Nikapika. Watoto wa watu wakala ugali wa kijivu, na yeye upande wa pili amevua viatu, nyayo ameziegemeza ukutani, soksi zinatoa mvuke. Halafu alikuwa na tabia moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nasukuma sahani. Alikuwa anafungua pazia, anaingiza kidole kwenye sufuria ya mchuzi, ananyonya, anasema "bado chumvi," halafu anaingiza kidole kile kile tena. Akimaliza anakifuta kwenye pazia. Pazia lilikuwa gumu kama ngozi ya ng'ombe.

Mwaka huo huo ndio aliletwa Faraja. Binti wa Kihehe kutoka Iringa mjini, mwembamba, sweta la kijani, ametoka kusomea mambo ya mtandao. Alipewa mwaka wa majaribio. Ahadi ilikuwa kwamba mwisho wa mwaka wanafunzi wa kompyuta watafanya mtihani kwa njia ya mtandao, wasimamizi watakuja kutoka nje kuangalia, na siku hiyo mambo yakienda vizuri ataajiriwa moja kwa moja. Yakiharibika, aende na begi lake, na barua ya kusema kazi hawezi. Nyuma yake kulikuwa na wadogo zake waliokuwa wanamtegemea, lakini hakupenda kuwataja. Asubuhi alikuwa anakuja jikoni kuota moto. "Kamwene, mama!" Mimi Kihehe sijui, mimi Mnyakyusa, namjibu hivyo hivyo "kamwene" kwa sauti ya bata, anacheka, anachukua kisu ananisaidia kumenya viazi.

Siku moja nikamuuliza, "Hivi mwanangu, hiyo kompyuta ikiwashwa inajuaje pa kupitia? Nani anaielekeza?" Akasema, "Mama, ukifika nyumba usiyoijua unafanyaje?" "Napiga hodi." "Basi na yenyewe inapiga hodi. Haimjui mtu. Inaita tu kwa wote waliomo: jamani, kuna ruta humu? Ruta ndiyo mashine inayotoa vitu nje na kuviingiza. Ikisikia hodi inajibu: karibu, ruta ni mimi, ukitaka kutoka nje pitia kwangu. Inaitajia na mwanzo wa anwani ya mtandao ule, kama unavyoambiwa jina la ukoo, na kompyuta inajimalizia yenyewe jina lililobaki. Inaambiwa na muda: niamini kwa muda fulani, ukiisha nitakukumbusha." Nikauliza, "Na isipopiga hodi?" "Ruta hainyamazi, mama. Hata isipoulizwa, kila baada ya kitambo inajitangaza, kama wapiga debe wa stendi. Na ruta yenye adabu ikizimwa inaaga kwanza: msipite tena kwangu, naondoka."

Nikamenya kiazi kimoja nikifikiria. Nikasema, "Na akiitika karibu mtu ambaye si mwenye nyumba?" Akaacha kisu. "Hapo ndipo penye ubaya. Kompyuta haiulizi. Anayesema mimi ni ruta, inamwamini." "Jinga kabisa hilo," nikasema. Akasema, "Si jinga, mama. Walioitunga walidhani ndani ya nyumba kuna watu wa nyumbani tu." Maneno hayo yamenikaa. Nimeyarudia mara nyingi kwenye mambo yasiyohusu kompyuta hata kidogo, nikiwa nimelala natazama mabati.

Mwezi wa saba mtandao ukaanza kuumwa. Asubuhi unakwenda kwa kuchechemea, ikifika chai ya saa nne kimya, kila kompyuta inazungusha kile kiduara chake. Faraja kutwa yuko chini ya meza na nyaya, vumbi kichwani. Upande wa pili wa pazia nasikia Mkuu anafoka kwa mambo mengine kabisa: "Bando langu linakwenda wapi? Juzi nimeweka la mwezi!" Katibu muhtasi wake, Edina, ndiye aliyekuwa anatumwa dukani kumnunulia. Nikamsikia anasema, "Labda simu inajisasisha yenyewe, Mkuu." "Simu gani inakula kama fisi? Ni yule binti. Hawa waliosoma mitandao ni wezi, wanaingia kwenye simu ya mtu usiku."

Nikamsimulia Faraja, nilidhani atalia. Badala yake akasimama. "Mama, Mkuu ana ruta yake humo ndani?" Nikamwambia ruta siijui, ninachokijua ni boksi jeusi lenye pembe mbili, linaingizwa laini kama ya simu, linawaka vitaa. Aliliweka kwenye kishubaka karibu na bomba la moshi hadi kona moja ikayeyuka, harufu ya plastiki ikaingia kwenye maharage yangu, tukala hivyo hivyo. "Lina waya?" "Linao. Umeingia kwenye tundu la ukutani, lile lililokuwa la kompyuta ya stoo." Akaziba mdomo kwa mikono miwili, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. "Mama! Boksi linawaita kompyuta zote za chuo: karibuni, karibuni! Zote zinakunywa bando la Mkuu! Likiisha, boksi bado linasema karibuni, na huko linakozipeleka ni shimo." Nilicheka na mimi hadi mchuzi ukaungua. Ndio mara ya mwisho tulicheka kwa sauti kwenye jiko lile.

Akaenda kwa Mkuu, kwa adabu zote. Akapiga hodi, akaamkia shikamoo, akaeleza taratibu, akasema boksi libaki, achomoe tu waya wa ukutani. Mkuu akasema, "Waya nimeuchomeka mimi, uongeze nguvu. Ukiweka kuni na mkaa pamoja moto unakuwaje?" "Mtandao si moto, Mkuu." "Unanifundisha?" "Hapana, Mkuu. Naomba tu." Nikachungulia pembeni ya pazia. Alikuwa ana mfupa mdomoni na aliacha kuufyonza. Alielewa. Nimeapa hilo na naliandika hapa: alielewa siku ile ile, uso ulimbadilika. Akasema, "Nimekusikia. Nenda." Akachomoa. Wiki ile mtandao ukaenda kama maji. Faraja akatumia nafasi hiyo kuomba swichi mpya, mashine inayogawa nyaya, ambayo inaweza kufungwa ili tundu la ruta halali peke yake ndilo liruhusiwe kusema karibu. Swichi ikanunuliwa, ikaja ndani ya katoni, ikapelekwa kwa Mkuu asaini kupokea. Hakusaini. Akaiweka katoni chini ya meza, akawa anapumzishia miguu. Sijui kama mnanielewa. Dawa ya ugonjwa imefika, mgonjwa anaikanyaga kwa soksi.

Na waya akaurudisha. Mpira wa Ulaya ulikuwa unaonyeshwa kwenye simu, baridi imezidi, na kichwani mwake bado kulikuwa na kuni na mkaa.

Siku ya mtihani wasimamizi walifika na makoti yao, wawili, mwanamama mmoja na mzee mmoja mwenye miwani. Niliwachemshia chai ya tangawizi nikakaanga mandazi. Wanafunzi wakaingia, wakawasha, na kompyuta zikapiga hodi, na mnajua nani aliitika kwa sauti kubwa. Saa nne haijafika, kurasa zikawa nyeupe. Binti mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia kimya kimya, kamasi zinadondokea kibodi. Mkuu akaingia anafuta midomo. "Faraja, hii ndiyo kazi uliyosomea?" Faraja akawaonyesha wageni kwenye skrini yake. Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, nilisikia neno kwa neno. "Hapa kuna ruta mbili zinazosema zipitiwe. Ya kwanza ni ya chuo. Ya pili si yetu. Lakini herufi na namba hizi za mwisho ni alama yake ya kuzaliwa, imebandikwa chini ya boksi lake. Tukiligeuza boksi tutazikuta."

"Boksi gani?" Mkuu akasema.

Nikasema mimi. "Lile jeusi la chumba cha joto, Mkuu. Lililoungua kona."

Mkuu akacheka, tumbo linatikisika. "Mama Sekela! Tangu lini maharage yakafundisha kompyuta? Ile ni chaja ya redio yangu." Walimu wakacheka. Walicheka wote, wale wale waliokuwa wanakuja jikoni kwangu kuomba ukoko. Edina, aliyekuwa ananunua mabando ya kulisha lile boksi, aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kinaogelea. Mzee wa miwani akasema, "Si tukaangalie tu?" Mkuu akasema chumba kina mafaili ya siri, atangulie kuweka sawa. Na hakuna aliyesogea. Mtu mzima amesema anatangulia, nani amzuie mlangoni? Tukasubiri kwenye korido kama wagonjwa. Akatoka na kapu la maparachichi, limefunikwa kitambaa, akasema anapeleka kwenye gari zawadi ya wageni. Nyuma ya kapu kulikuwa kunaning'inia kipande cha waya mweusi, kama mkia wa panya. Mimi nilikiona. Faraja alikiona. Nina hakika Edina alikiona.

Tukaingia. Kishubaka kitupu, duara la mafuta tu pale boksi lilipokuwa. Na hapa ndipo ukweli ulipogeuka ukawa kama uongo, maana kompyuta zilikuwa bado hazifanyi kazi. Mkuu akapanua mikono. "Boksi hakuna, na mtandao bado mbovu. Au boksi liko mawinguni?" Faraja akajaribu. Akasema boksi limechomolewa ghafla, halikuaga, kwa hiyo kompyuta zinaendelea kuliamini mpaka muda liliojitajia uishe. Na wewe fikiria, msomaji, unasimama mbele ya watu na makoti unasema kitu ambacho hakipo bado kinaaminiwa na kompyuta. Mwanamama wa usimamizi akamwangalia kwa huruma, huruma ile ya kumwangalia mtu aliyesema bibi yake anapaa na ungo. Baadaye mtandao ulirudi wenyewe, kama alivyosema. Mkuu alikuwa ameshawaambia, "Nimeshughulikia."

Barua ikaandikwa siku ile ile. Faraja akaomba kitu kimoja tu kabla ya kukabidhi funguo, afunge swichi mpya, na kwa kuwa wageni walikuwa bado wanakula mandazi yangu, Mkuu hakuweza kukataa. Akaivuta katoni kutoka chini ya meza, ina alama za visigino. Akaifunga akiwa amevaa begi mgongoni. Akaja jikoni kuniaga. "Mama, nimeyaziba mdomo matundu mengine yote. Akichomeka boksi lake, litapiga kelele peke yake, hakuna kompyuta itakayolisikia." Nikamwambia, "Umemtengenezea mtu aliyekufukuza." Akasema, "Nimewatengenezea wanafunzi." Akachukua kiazi cha kuchemsha, akakiweka mfuko wa sweta kimpashe mkono moto, akaondoka kwenye ukungu. Wiki iliyofuata Mkuu kwenye kikao alisimama akawaeleza jinsi alivyoagiza swichi na kuifunga yeye mwenyewe. Wakapiga makofi. Nilisikia kwa kidirisha. Mwaka ulipoisha nikarudi Mbeya, na sijawahi tena kupika kwenye jiko lenye pazia.

Sasa nirudi msibani. Baada ya chakula kile, niliingia sebuleni kumpa pole mjane. Vijana walikuwa wamejazana kwenye kona, kila mmoja na simu yake. Mmoja akaniambia, "Bibi, unataka waifai? Paswedi ni jina la babu." Nikaangalia walipokuwa wamegeukia. Juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, lilikaa boksi jeusi lenye pembe mbili. Kona moja imeyeyuka.

Nilitoka uani nikampigia Faraja. Yuko Iringa, ana kibanda cha kutengeneza simu, kazi ya mtandao hakupata tena kwa sababu ya ile barua. Huwa tunapigiana sikukuu. Nikamwambia amekufa nani, akasema, "Mungu amrehemu." Nikamwambia nimeona nini juu ya kabati. Akasema, "Ligeuze, mama. Usikate simu." Nikarudi ndani, nikaliinua mbele ya wale vijana. Lilinata. Mafuta ya miaka ile, vumbi, na chini yake mayai ya mende yamegandana kwenye karatasi iliyobandikwa. Nikayakwangua kwa ukucha. "Kuna herufi na namba nyingi," nikasema. "Soma mwisho tu. Sita za mwisho." Nikaanza, macho yangu haya mabovu: "Nne. C…"

"Saba," akasema yeye. "F. Mbili. E."

Nikaangalia. Saba, F, mbili, E.

"Ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo, mwanangu."

Nyuma yake nikasikia mteja anauliza kama kioo kimefika. Vijana wananitazama, boksi liko mkononi mwangu, vitaa vinawaka, bado linawaita watu.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Lirudishe lilipokuwa. Kisha kanawe mikono."

Nikalirudisha kwenye kitambaa chake. Nikatoka hadi kwenye ndoo ya kunawia, binti mdogo wa pale akanimiminia maji na sabuni. Nikasugua vidole, nikasugua chini ya kucha. Akasema, "Bibi, si ulishanawa?"

"Mimina tena," nikamwambia.